Nyuzi 65 zilizogeuka 61

Mwalimu alikuja saa moja asubuhi, sijafungua hata mlango wa pili wa duka. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyelala na jambo kifuani, kisha akatandaza karatasi juu ya kaunta. Ukurasa wa nne wa mtihani niliochapa mimi. Juu yake akaweka kipimapembe cha plastiki kilichovunjika ncha moja, akakisogeza taratibu mpaka kitovu chake kikakaa juu ya kona B ya pembetatu, na kwa ukucha wa kidole gumba akanionyesha mstari ulipopita. Sitini na moja.

"Mwanangu," akasema, "watoto wamepima."

Swali lilikuwa jepesi: kwa kutumia kipimapembe, pima pembe ABC. Majibu ya kuchagua yalikuwa matano: 55, 60, 65, 70 na 75. Mwongozo wa kusahihishia ulisema 65. Mtoto aliyeweka kipimapembe chake vizuri alisoma 61, akatazama majibu, akachagua 60 kwa kuwa ndilo lililo karibu. Amekosa. Mwenzake ambaye hana hata mkebe akabahatisha C, amepata. Watahiniwa 412 wa shule nne, mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, na swali linawaadhibu wale waliokuwa makini.

Nina steshenari hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Nachapa, natoa fotokopi, napiga laminesheni, na msimu wa mitihani ukifika napanga mitihani ya shule za msingi. Michoro ya Hisabati ndiyo iliyokuwa inaniletea wateja, maana wachapaji wengi wanaikimbia. Mimi nilijiona naiweza. Ile asubuhi nilijua kuwa kwa miaka miwili nilikuwa nachora picha zinazofanana na maumbo, si maumbo yenyewe. Waswahili walisema mficha uchi hazai, basi nayaeleza yote, na gharama zake.

Tuanze na hiyo pembe. Nilikuwa nachora kwa Inkscape, programu ya bure ya michoro ya vekta, yaani michoro ambayo kompyuta inaihifadhi kama namba na mistari badala ya vidoti vya rangi. Niliijua kwa kujifundisha, kubofya hapa na pale. Moja ya mambo niliyoyagundua mapema ni kwamba ukichora mstari kwa kalamu yake huku umeshikilia Ctrl, mstari unanyooka na kuruka kwa hatua: 0, 15, 30, 45, 60, 75. Nilifurahi sana siku hiyo, nikadhani nimemaliza elimu. Sasa mwalimu anapotaka 65, kwenye hatua hizo haipo. Nilichofanya ni kuachia Ctrl na kusogeza ncha ya mstari kwa jicho mpaka ikae kati ya 60 na 75, karibu zaidi na 60. Nilipokuja kuipima baadaye kwenye faili la mwanzo, ilikuwa 65.3. Kwa jicho si haba.

Basi ile 61 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye Word. Nilihamishia picha kwenye karatasi ya mtihani, nikaona imebaki nafasi pembeni, nikashika kile kidoti cha ubavuni nikaivuta kidogo ijaze. Upana ulitoka milimita 50 ukawa 60, kimo kikabaki vilevile. Kwa macho, pembetatu ilipendeza zaidi. Lakini mstari wa chini ukiwa umelala na picha ikivutwa kwa upana tu, mteremko wa ule mstari wa pili unapungua. Tanjenti ya nyuzi 65, yaani namba inayopima mteremko wake, ni 2.145. Igawe kwa 1.2, ambayo ndiyo kiasi nilichovuta, unapata 1.787, na hiyo ni tanjenti ya nyuzi 60.8. Yangu ilianzia 65.3, ikaangukia 61. Hesabu hii niliifanya usiku ule kwenye simu, nikiwa nimekaa sakafuni dukani, na sitasahau nilivyohisi. Sikuwa nimefanya kosa kubwa la kijinga ambalo mtu analiona. Nilikuwa nimevuta picha kwa sentimita moja.

Kilichoniuma zaidi ni kuelewa kwa nini sikuwahi kukamatwa. Mstatili ukiuvuta kwa upana unabaki mstatili, pembe mraba zake zote nne hazitikisiki. Mistari sambamba inabaki sambamba. Duara ndilo linaloumbuka, linakuwa yai na hata mtoto analiona, kwa hiyo maduara nilikuwa mwangalifu nayo. Ni pembe za mshazari tu zinazoharibika kimyakimya, na mitihani mingi inauliza eneo na mzingo, haiulizi kupima. Nina hakika nimeshachapa pembe mbovu nyingi kabla ya ile. Hakuna aliyeweka kipimapembe juu yake.

Mwalimu hakugomba, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko kugombezwa. Alinionyesha pia swali jingine, mstari uliotakiwa kuwa sentimita 7. Ulikuwa na 6.8. Huo niliuchora sawasawa kabisa, lakini wakati wa kuchapa PDF, dirisha la printa lilikuwa limechagua lenyewe kupunguza ukurasa uenee ndani ya pambizo, asilimia 97. Pembe haidhuriki na hilo, kwa sababu upana na kimo vimepungua pamoja. Urefu unadhurika. Tangu hapo, kabla ya kuchapa mtihani wowote, natafuta pale penye ukubwa halisi au asilimia 100, natoa nakala moja, napima kwa rula. Nakala moja ya majaribio ni shilingi mia.

Maswali mawili yakafutwa. Walimu wa shule nne wakasahihisha upya. Mimi nikarudisha shilingi 60,000, na mtihani uliofuata nikauchapa bure, karatasi zangu, wino wangu. Nyumbani sikumwambia mtu kwa wiki nzima. Nilifikiria kabisa kuacha kazi za mitihani nibaki na fotokopi na picha za paspoti, ambazo kosa lake linajulikana palepale mteja akiwa mbele yako.

Badala yake nikaanza kukaa usiku. Niliweka kijidaftari kando ya kibodi, na kila umbo nililochora nililipima kwa kile kifaa cha kupimia kilichomo ndani ya programu yenyewe, unakiita kwa kubonyeza herufi M. Unavuta mstari juu ya mchoro, kinakuandikia urefu na pembe. Kilikuwapo miaka yote hiyo. Sikuwahi kukigusa.

Nyuzi 65 sasa nazichora hivi. Nachora mstari uliolala, nimeshikilia Ctrl, kutoka B kwenda C. Naunakili hapohapo kwa Ctrl na D, kwa hiyo ipo mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Nabofya ule wa juu mara ya pili ili mishale ya pembeni igeuke kuwa ya kuzungusha, na katikati pake inatokea alama ndogo ya msalaba. Huo msalaba ndio kila kitu. Ndipo mahali ambapo mstari utazungukia, kama mguu wa bikari. Nauburuta mpaka kwenye ncha ya B, nauacha unase. Kisha nafungua dirisha la Transform kwenye menyu ya Object, sehemu ya kuzungusha naandika 65, naangalia vile vitufe viwili vya mshale nichague upande wa kuzungukia, natekeleza. Mstari unasimama mahali pake. Ukiupima unakuta 65, haina cha pointi tatu.

Kwa anayetaka njia fupi, kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya hatua, zile nyuzi 15 za Ctrl zinabadilishwa. Mimi nimeweka 5. Pembe za mitihani ya msingi karibu zote zinagawanyika kwa tano.

Na kama umbo ni pembetatu ambayo umeshapewa vipimo vyake, kuna mahali kwenye menyu ya viendelezi, chini ya Render, pameandikwa Triangle. Unaandika pande tatu, au pande mbili na pembe iliyo kati yao, inakuchorea. Nilipokigundua nilicheka peke yangu saa saba usiku, kisha nikakasirika, kisha nikalala.

Msalaba wa kuzungushia ulinifundisha jambo jingine ambalo halisemwi. Programu haijui katikati ya umbo lako. Inachojua ni sanduku: mstatili usioonekana unaolizunguka umbo, na katikati ya sanduku hilo ndipo inapouweka msalaba. Kwa mraba hakuna tofauti. Kwa pembetatu uliyoichora kwa kalamu, tofauti ni kubwa. Chukua pembetatu sawa yenye pande za milimita 60. Kimo chake ni karibu milimita 52. Katikati ya sanduku ni 26 kutoka chini, lakini kitovu halisi cha pembetatu kiko kwenye theluthi ya kimo, yaani milimita 17.3 kutoka chini. Nilikuwa nimeombwa mchoro wa pembetatu iliyozungushwa nyuzi 120 ili wanafunzi waone kwamba inarudi palepale. Yangu haikurudi. Ilihama kila nilipoizungusha, kama mlevi anayetafuta mlango. Nilidhani programu ni mbovu, nikaifuta nikaisakinisha upya. Bando likapotea bure.

Alama za pembe, ule upinde mdogo unaowekwa kwenye kona, nao una mambo yake. Nilikuwa nauchora kwa mkono. Siku hizi nachora duara kamili kwanza, nimeshika Ctrl na Shift pamoja ili lianzie kwenye kitovu, naanzia juu ya kona yenyewe, na kule juu kwenye visanduku naandika nusukipenyo zote mbili ziwe sawa, kwa sababu Ctrl peke yake inaweza kukupa yai lenye uwiano wa mbili kwa moja usipoangalia. Ndipo nalikata: visanduku vya kuanzia na kuishia. Mara ya kwanza niliandika 0 na 65, upinde ukatokea chini ya mstari. Inkscape inahesabu kuanzia kulia, kwa mwendo wa saa, kinyume na tulivyofundishwa darasani. Kwa hiyo pembe ya 65 iliyo juu ya mstari inaanzia 295 na kuishia 360. Ukishaukata upinde usijaribu kuupanga tena kwa kutumia vile vitufe vya kulinganisha, maana utalinganisha sanduku la kipande, na kitovu cha duara kitakuwa kimeshahama.

Kuna wakati nilizama zaidi ya inavyofaa. Nilisoma kwamba ndani ya PDF hakuna duara halisi, kwamba duara linaundwa na vipande vinne vya mikunjo vilivyounganishwa, vinavyokosea kwa takriban asilimia 0.03 ya nusukipenyo. Nikakosa raha siku mbili. Kisha nikapiga hesabu: kwa duara la nusukipenyo milimita 50, ni milimita 0.015. Wino wa printa yangu unasambaa zaidi ya hapo. Kujua kosa gani la kuliacha nako ni kazi, na kumenichukua muda kuliko kujifunza vitufe.

Lililonisaidia kuliko yote ni kunasa. Kule kulia kuna alama ya sumaku, au unabonyeza alama ya asilimia kwenye kibodi, na kunasa kunawaka au kuzimika. Kukiwaka, ncha ya mstari ikikaribia ncha ya mwingine inarukia na kushika. Kabla ya hapo nilikuwa naunganisha kwa jicho. Nilifungua mchoro mmoja wa zamani nikaukuza mara 60: mistari niliyoapa imekutana ilikuwa imepishana kama watu wawili wanaosalimiana gizani. Tahadhari moja tu: ukiwasha kila aina ya kunasa kwa pamoja, mstari unashikwa na kila kitu kilicho karibu, hata usichokiona. Mimi naacha ncha na makutano, basi.

Habari zikasambaa kwamba sasa nachora kwa vipimo. Hapo ndipo fundi seremala mwenye mashine ya CNC, ile inayokata ubao kwa kuongozwa na kompyuta, akaja. Mteja wake alitaka ukanda wa nyota kumi juu ya kabati la vyombo, nyota za ncha nane kama zile za nakshi za milango ya zamani ya mwambao, zipangwe kwa mstari, ncha ziguse ncha. Nafasi aliyokuwa ameshaichonga ilikuwa na urefu wa milimita 850. "Dada, nipe faili tu, mashine itakata," akasema. Nikaona hii kazi ya jioni moja.

Nilitumia kifaa cha nyota kilichopo, nikaweka ncha nane, nikampelekea. Akaitazama kwenye simu, akakunja uso. "Dada, hii nyota imekonda."

Alikuwa na haki. Kile kifaa kina namba ya uwiano kati ya umbali wa bonde na umbali wa ncha, yote kutoka katikati ya nyota, na inaanzia 0.5. Nyota ya kwenye milango ni miraba miwili, mmoja umegeuzwa nyuzi 45 juu ya mwenzake, na uwiano wake ni 0.765. Sura ni nyingine kabisa. Unaweza kuandika hiyo namba, lakini mimi naona ni salama zaidi kuichora kama inavyofikiriwa: mraba, nakala yake, zungusha 45, ziunganishe kwa Union, amri inayoyafanya maumbo mawili kuwa moja. Hapa msalaba wa katikati hauna ugomvi kwa sababu ni mraba. Ukimaliza, hesabu nodi, vile vidoti vya kwenye kona ambapo mistari inakutana. Nyota nzima ina 16. Zikiwa 17 au 18, kuna nodi ya ziada mahali fulani.

Mraba wa milimita 60 unatoa nyota ambayo kutoka ncha hadi ncha ni 84.85, kwa sababu ni ulalo wa mraba. Mara kumi ni 848.5. Inaingia kwenye 850 na inabaki milimita moja na nusu ya kupumua. Nikajipongeza.

Faili lilipofika kwa fundi, ukanda ulionekana kuwa na urefu wa zaidi ya milimita 1,100. Aliligundua kwenye skrini kabla hajawasha mashine, Mungu ambariki, akanipigia. Sababu niliipata baadaye: Inkscape inahesabu vidoti 96 kwa inchi, programu ya mashine yake ilikuwa inasoma 72. Gawa 96 kwa 72 unapata 1.333, na ndiyo tofauti ile ile. Mafaili yangu ya kabla ya toleo la 0.92, la mwaka 2017, yalikuwa na namba nyingine tena, 90, nayo yakisomwa kama 96 yanapungua, milimita 100 inakuwa 93.75. Siku hizi kila faili linalokwenda kwenye mashine nalichorea pembeni mraba wa milimita 100 kwa 100. Namwambia fundi aupime huo kwanza kwenye skrini yake. Ukisoma 100, endelea, kisha ufute.

Tukarekebisha ukubwa, akakata. Nyota kumi za MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, wa milimita 12. Nilikwenda karakana kuziona zikipangwa. Alizilaza moja baada ya nyingine ndani ya ile nafasi, ncha kwa ncha, mimi nimesimama nanusa vumbi la ubao na kujisikia mhandisi. Ya kumi ilipolala, upande wa kulia kulibaki pengo. Aliingiza kidole gumba ndani ya lile pengo, akakizungusha, akanitazama.

Milimita 15 na ushee.

Nilirudi dukani nikafungua faili. Mraba unasoma 60. Nikapima kwa kile kifaa cha M, kutoka nodi hadi nodi: 59. Nilikaa nusu saa naangalia namba hizo mbili. Mwisho nikaona kwamba mstari wangu ulikuwa na unene wa milimita 1, na kile kisanduku cha upana kule juu, kama hujakibadilisha, kinapima umbo pamoja na wino wake. Nusu milimita huku, nusu huku. Nilipoandika 60, programu ilinipa umbo la 59 na wino wa 1, jumla 60, na kwa upande wake haikusema uongo. Lakini mashine ya CNC haijui wino. Inafuata mstari wenyewe. Ulalo wa 59 ni 83.44, mara kumi ni 834.4. Ndilo pengo lile.

Kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa, kuna mahali pa kuchagua sanduku lipimwe kwa macho au kwa jiometria. Nikachagua jiometria, na sijawahi kurudisha. Kama unachora kwa ajili ya kukata, fanya hivyo leo hii kabla hujachora kitu kingine.

MDF na muda wa mashine nililipa mimi, 38,000. Fundi alitaka tugawane, nikakataa. Yeye alikata alichopewa. Alisema pia angeweza kuziachanisha nyota kidogo zijaze nafasi, lakini mteja alitaka ziguse, na tukikubaliana kudanganya kwenye kabati, kesho tutadanganya wapi. Nilimpenda kwa maneno hayo.

Safari ya pili zikatosha. Na hapo nikajifunza kitu ambacho hakimo kwenye kompyuta. Mabonde ya nyota, zile kona za ndani, kwenye mchoro wangu ni makali kama wembe. Kwenye ubao yalitoka yameviringika. "Biti yangu ya kukatia ni duara," fundi akanieleza, "milimita sita. Kona ya ndani haiwezi kuwa kali kuliko biti yenyewe." Akachukua patasi, akaanza kuyanoa mabonde moja moja kwa mkono, nane kwa kila nyota, themanini kwa jumla. Nilikaa naye mpaka alipofika nyota ya nne. Alikuwa anaweka ubapa wa patasi kwenye upande wa ncha, anausukuma mpaka ukutane na upande wa pili, kipande kidogo kama ukucha kinaruka. Hapimi. Upande wa nyota wenyewe ndio rula yake. Kama mabonde yangu yangekuwa yamekosewa hata kwa nyuzi mbili, patasi ingekula ncha ya jirani, na nilikuwa nimeshika pumzi kila anapobonyeza.

Kama unaanza kazi hizi, nina ushauri mdogo mdogo uliobaki. Visanduku vya vipimo vinakubali hesabu: ukitaka theluthi ya 100 andika 100/3, usiandike 33.3. Chagua milimita kwenye mipangilio ya ukurasa kabla ya kuchora chochote, usije ukachanganya vidoti na milimita katikati ya safari. Ukitaka kupunguza mchoro, angalia kama unene wa mistari unapungua nao au unabaki, kuna kitufe chake. Usivute picha kwenye Word kwa ubavu, kamwe. Vuta kwa kidoti cha kwenye kona, au andika asilimia. Na kwenye kila mchoro wa mtihani, kabla haujatoka dukani, chapa nakala moja na upime kwa vifaa vilevile atakavyotumia mtoto, rula ya plastiki na kipimapembe cha mkebe, kwa sababu kifaa cha M kinapima faili na mtoto anapima karatasi.

Bei yangu ya mchoro wa kupimwa imepanda. Zamani nilikuwa nachaji 500 kwa mchoro, sasa 2,000, na nikiulizwa kwa nini, naeleza. Wengine wanaondoka. Sawa.

Mwalimu hakuondoka. Bado analeta mitihani yake, na bado anakuja saa moja asubuhi. Namwamkia, anaitikia, namkabidhi nakala ya kwanza. Anafungua begi, anatoa kipimapembe kile kile kilichovunjika ncha, anakiweka juu ya kila pembe mimi nikiwa nimesimama namtazama. Anapima zote. Akifika ya mwisho anakirudisha begini, anafunga zipu, ndipo anauliza kiasi gani.